Lord Delamere wa Soysambu: Aliyesifiwa Mwalimu wa Ardhi Isiyokuwa Yake

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishaipita Gilgil, hufika Kikopey, mahali panapojulikana kote nchini kwa nyama choma. Madereva husimama, abiria hushuka, na moshi wa mbuzi hutanda kando ya barabara. Upande wa kushoto liko Ziwa Elementaita, lenye maji ya magadi na ndege wa heroe, na ng'ambo ya ziwa kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali. Wamasai wamekipa jina lenye maana ya morani aliyelala. Wengine wamezoea kukiita Pua ya Delamere. Kilima ni kimoja, majina ni mawili, na kila jina lina wenyewe.

Nimeonelea leo tuzungumze habari za huyo mwenye pua, kwa sababu siku hizi bonde hilo latajwa sana kwa kilimo cha kigeni. Tangu miaka ya 1980 wamekuwako watu waliopanda zabibu za mvinyo karibu na Ziwa Naivasha, mashamba ya kifamilia mengine, na mvinyo mmojawapo ukapewa jina la Leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu kilichotapakaa huko bara. Mvinyo si kinywaji chetu sisi Waislamu, wala sitausifu hapa. Lakini nyuma ya zabibu hizo liko swali ambalo kila mkulima mgeni hulazimika kuliuliza: nchi hii ya baridi, ambayo usiku wake hutaka blanketi mbili, yakubali kuzaa kitu gani? Mtu aliyeliuliza swali hilo kwa kelele nyingi na kwa gharama kubwa kupita wenzake ni Lord Delamere. Vitabu vingi vya masetla vimemsifu kuwa ndiye aliyelifundisha Bonde la Ufa kulima. Mimi nikiyapima maisha yake naona kinyume: yeye ndiye aliyefundishwa, na karo ya masomo yake haikutoka mfukoni mwake peke yake.

Simba katika nchi ya Wasomali

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870, katika ukoo wa makabaila wa jimbo la Cheshire. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana huyo wa miaka 17 alirithi cheo cha ulodi, jumba la Vale Royal na mashamba yake. Masomo hayakumvutia. Alichokipenda ni farasi na bunduki, na mwaka 1891 akavuka bahari kwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba. Akapapenda, akawa anarudi tena na tena.

Katika safari ya mwaka 1894 simba alimrukia, akamwangusha na kumtafuna mguu. Bunduki ilikuwa imemtoka mkononi. Aliyemwokoa ni Msomali mmoja Mwislamu, mbeba bunduki wake, aitwaye Abdullah Ashur. Abdullah alimvamia simba kwa mikono yake, mpaka bwana wake akapata nafasi ya kuifikia bunduki. Delamere akatembea kwa kuchechemea mpaka siku ya kufa kwake. Lau si Abdullah Ashur, pasingekuwa na Delamere wa Kenya. Hata hivyo sijapata kusikia mlima wala barabara yenye jina la Abdullah.

Mwaka 1896 alifunga safari ndefu zaidi kutoka Berbera, akiwa na daktari, wasaidizi na ngamia wapatao mia mbili. Akapita kusini mwa Uhabeshi, akavuka jangwa, na mwaka 1897 akatokea katika nyanda za juu za Kenya. Mtu aliyetoka katika jua na mchanga wa miezi mingi akaona majani mabichi, mito na ukungu wa asubuhi. Tangu hapo moyo wake haukurudi tena Uingereza. Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa kabaila wa Ireland, na mwaka 1903 akaja kukaa moja kwa moja.

Ekari laki moja

Wakati huo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, mwaka 1901. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia mamilioni ya paundi, na sasa ikitaka mizigo ya kuilipia gharama hiyo. Kamishna Sir Charles Eliot aliona dawa ni kuwaleta Wazungu wakulima. Delamere akaomba ardhi. Ombi la kwanza lilikataliwa, na la pili, la ardhi ya karibu na Naivasha, likakataliwa pia kwa sababu ya Wamasai. Ombi la tatu likakubaliwa. Akapewa Njoro ekari 100,000 kwa muda wa miaka 99, kwa kodi ya paundi 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia paundi 5,000 kuiendeleza. Alikuwa mgonjwa, ameumia kwa kuanguka na farasi, na hana ujuzi wa ukulima wa Afrika hata wa kibaba kimoja.

Mwaka huohuo wa 1904 Wamasai walitia alama za vidole kwenye mkataba wa kuhama Bonde la Ufa. Naivasha, Nakuru na Elementaita, malisho yao ya tangu zamani, yakaachwa kwa wageni. Wao wakagawanywa sehemu mbili, wengine Laikipia upande wa kaskazini, wengine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba nchi hizo mbili zitakuwa zao maadamu kabila lao lipo duniani. Wahenga wetu husema mgeni na aje, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akafungasha.

Hasara juu ya hasara

Delamere aliagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand na ng'ombe wa gredi kutoka Uingereza. Wakateremshwa Mombasa na kupandishwa gari la moshi mpaka Njoro. Wengi wao wakafa. Majani ya Njoro yalikuwa marefu na ya kijani, lakini mnyama aliyeyala alidhoofu siku hata siku. Wamasai, waliozungukia bonde zima na mifugo yao, walikuwa wakiyaepuka malisho hayo. Wataalamu walikuja kugundua baadaye kuwa udongo wa sehemu hizo una upungufu wa madini ya kobalti. Wachungaji wasiojua jina la kobalti walikwisha kuijua athari yake. Mwenye ekari laki moja hakuijua, akaijua kwa kuzika mifugo. Ng'ombe waliobaki wakapatwa na ugonjwa wa mapafu, na ndigana iletwayo na kupe.

Akageukia ngano. Mwanzoni ilistawi, kisha ikaingiwa na kutu, ugonjwa ule unaoyageuza mashina rangi ya chuma kilichonyeshewa mvua. Hapo ndipo nimpapo haki yake, kwani hakukimbia. Aliweka mtaalamu shambani kwake, wakazalisha mbegu mchanganyiko mpaka wakapata ngano zenye kuhimili kutu. Mwaka 1908 alishiriki kuanzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake limeingia katika jikoni nyingi za Kenya. Akajaribu kufuga mbuni ili auze manyoya yao kwa kofia za mabibi wa Ulaya. Akaleta mashine za kuangulia mayai. Motokaa zikaja, kofia kubwa za manyoya zikapitwa na wakati, biashara ikafa. Akapanda mahindi huko Rongai. Kila hasara alifungulia deni jipya, na mali ya Cheshire aliyoachiwa na baba yake ikawekwa rehani ili kuilisha Njoro.

Miaka michache baada ya kufika alipata shamba jingine, ekari kama 50,000 kando ya Ziwa Elementaita, mahali paitwapo Soysambu. Kikopey yetu ya nyama choma ni jirani wa shamba hilo. Majani ya Soysambu ni mafupi, ardhi ni ya mawe na mleleshwa, na mgeni angeidharau. Lakini hiyo ilikuwa sehemu ya malisho mema ya Wamasai wenyewe, na huko kondoo na ng'ombe wa Delamere wakapona. Aliajiri Wamasai kuwachunga, akajifunza Kimasai, akakaa miaka mingi katika nyumba za udongo na nyasi. Jioni wachungaji waliingia nyumbani kwake, wakaketi wakizungumza habari za mifugo mpaka usiku. Walimwibia pia mara kwa mara, naye akawasamehe kuliko alivyowasamehe watu wengine. Mkewe Florence, aliyeubeba mzigo wa mashamba hayo pamoja naye, alifariki mwaka 1914.

Kesi iliyosikilizwa Mombasa

Asidhani msomaji kuwa mtu huyu alikuwa mchungaji tu. Alikuwa kiongozi wa masetla tangu mwanzo. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, na kwa zaidi ya miaka ishirini alipigania nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao na serikali iwe mikononi mwao. Aliwapenda Wamasai waliokaa sebuleni kwake. Hakuona sababu ya wao kurudishiwa nchi.

Na nchi ilizidi kupungua. Masetla waliitamani Laikipia, na mwaka 1911 ukafanywa mkataba mpya wa kuwahamisha Wamasai wa kaskazini kwenda kusini. Ile ahadi ya milele ilikuwa imedumu miaka saba. Wamasai, kwa juhudi za mzee wao ole Gilisho, wakaweka mawakili na kwenda mahakamani. Kesi ilisikilizwa Mombasa mwaka 1913, katika mji wetu huu. Mahakama ilisema mkataba ule ni wa taifa na taifa, kwa hiyo majaji hawana mamlaka nao. Basi Wamasai walihesabiwa kuwa taifa kamili siku ile tu ambayo kuhesabiwa hivyo kuliwapotezea haki.

Mwaka 1923 Delamere alikuwa London na ujumbe wa masetla, wakishindana na Wahindi kuhusu haki katika Kenya. Serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliosema maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Masetla hawakupewa serikali waliyoitaka, lakini nyanda za juu wakaachiwa.

Kaburi na sanamu

Mwaka 1928 Delamere alioa mara ya pili. Afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika tangu vita vya 1914, alipokuwa mpakani na maskauti wa Kimasai. Alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu mbele ya ziwa. Aliacha deni la benki linalokisiwa kufikia nusu milioni ya paundi. Mtu aliyeanza na ekari laki moja alikufa akidaiwa.

Jina lake lilipewa barabara kuu ya Nairobi, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Baada ya Uhuru wa 1963 barabara ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ikaondolewa, ikapelekwa Soysambu. Shamba lenyewe lilibaki katika ukoo wake, na tangu mwaka 2007 limekuwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 2011 Ziwa Elementaita, pamoja na Nakuru na Bogoria, yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Huenda msomaji wa Lamu au Kilifi akaniuliza, haya ya bara yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Mwaka 1908, wakati masetla wa bara wakigawiwa maelfu ya ekari, sisi huku Pwani tuliletewa sheria ya hati za ardhi. Aliyejua kuandika dai na kuleta ushahidi wake alipata hati. Asiyejua, hata kama minazi ilipandwa na babu wa babu yake, shamba lake lilihesabiwa kuwa la serikali. Wajukuu wa wengi wao wameitwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Mmasai alipoteza kwa mkataba, sisi tukapoteza kwa kukosa karatasi. Kalamu ilikuwa ya mtu mmoja.

Simkatalii Delamere bidii wala ushujaa wake. Mtu anayepoteza mifugo, ngano na mbuni, kisha akaamka asubuhi kujaribu tena, ana jambo la kutufunza sisi tunaoacha shamba kwa ukame wa mwaka mmoja. Lakini tusikubali watoto wetu wafundishwe kuwa bonde lile lilikuwa tupu na jinga mpaka alipokuja yeye. Malisho yaliyomwokoa yalikuwa yamechaguliwa na wachungaji wengine zamani. Mkono uliomtoa kinywani mwa simba ulikuwa wa Msomali.

Kwetu sisi ardhi ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mja ni mpita njia juu yake. Amana huhifadhiwa kwa ushahidi. Wazee wanaojua mipaka ya mashamba yetu, visima vyetu na makaburi yetu wangaliko, japokuwa kila mwaka wanapungua. Tukae nao, tuwaulize, na tuyaandike wanayotuambia kabla mtu mwingine hajatuandikia.