Gerrit Rietveld: Seremala Aliyegeuka Msanifu Majengo

Gerrit Rietveld alizaliwa mjini Utrecht, Uholanzi, mwaka wa 1888, akafunzwa useremala na babake tangu utotoni. Mnamo 1917 alifungua karakana yake mwenyewe. Muda si muda akaunda kiti cha mbao zilizopishana pasi na kufichana, ambacho baadaye alikipaka rangi nyekundu, buluu, manjano na nyeusi. Kiti hicho hakikuwa na mto wala nakshi. Umbo lake lilidhihirisha jinsi kilivyoundwa. Marcel Breuer wa chuo cha Bauhaus ni miongoni mwa walioathiriwa nacho.

Mwaka wa 1924, akishirikiana na Truus Schröder, Rietveld alisanifu nyumba ambayo kuta za orofa yake ya juu husogezwa, ukumbi mmoja ukazaa vyumba kadhaa. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1930, alibuni samani za mbao duni za makasha, zilizouzwa vipande vipande ili mnunuzi aziunge mwenyewe kwa gharama nafuu.

Rietveld alifariki mwaka wa 1964. Mwaka wa 2000, UNESCO iliiorodhesha nyumba ile kuwa turathi ya dunia. Kinaya ni kwamba viti vya seremala huyu aliyewajali wenye kipato kidogo sasa huhifadhiwa makavazini, visikaliwe na yeyote.