Pauline Jaricot, Mgonjwa Aliyezilisha Misioni

Tarehe 9 Januari 1862, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, alifariki mwanamke mmoja ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa katika orodha ya mafukara. Umri wake ulikuwa miaka 62, mwili umechakazwa na maradhi ya muda mrefu, na madeni bado yako juu yake. Lakini wakati huo huo, mapadre na masista katika nchi za mbali walikuwa wakijenga makanisa na kufundisha watoto kwa msaada wa kazi aliyoianzisha yeye. Huyo ndiye Pauline Jaricot, na yafaa sana jamaa zetu za Kikristo zimfahamu.

Alizaliwa tarehe 22 Julai 1799, kitinda mimba wa mfanya biashara ya hariri. Alilelewa katika raha, akapenda mavazi mazuri na kusifiwa. Alipokuwa na miaka 15 alianguka vibaya, na tangu hapo akaugua sana. Viungo vyake havikumtii, hata kusema kukawa taabu. Mwaka huo huo wa 1814 mama yake akafariki. Alipopata nafuu aliirudia anasa yake, mpaka Kwaresima ya mwaka 1816, aliposikia mahubiri juu ya ubatili wa mambo ya dunia. Basi akaacha mapambo, akavaa kama wanawake wa viwandani, akaanza kuwatembelea wagonjwa na maskini.

Kaka yake Philéas, aliyekuwa akisomea upadre, alimweleza jinsi misioni zilivyopungukiwa. Pauline akawaza njia nyepesi. Kila mtu atoe sou moja kwa juma, yaani sentimu tano tu, na kila mmoja atafute wenzake kumi. Watu kumi wakawa na kiongozi wao, viongozi kumi wakawa na mkubwa wao, na fedha zikakusanywa kwa utaratibu. Waliotangulia kutoa hawakuwa matajiri, bali wasichana wafanya kazi wa hariri. Haba na haba hujaza kibaba; tarehe 3 Mei 1822 Shirika la Kueneza Imani likaundwa rasmi mjini Lyon, na likaenea kutoka nchi hata nchi. Sisi wa Afrika ya Mashariki tu wadeni wake pia, kwa maana misioni ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1860, na ile ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1868, ni miongoni mwa zile zilizosaidiwa na Shirika hilo.

Mwaka 1826 alianzisha Rozari Hai. Watu kumi na watano waligawana mafumbo kumi na matano, kila mmoja akasali fungu lake moja kila siku, na hivyo wote pamoja wakaitimiza Rozari nzima. Hata mtu asiyeweza kuinuka kitandani alikuwa na sehemu yake kamili katika sala hiyo.

Yeye mwenyewe alikijua kitanda. Mwaka 1835 ugonjwa wa moyo ulimzidi hata watu wakakata tamaa. Hata hivyo alisafiri mpaka Roma, na huko Papa Gregori XVI akaja mwenyewe kumtazama, akidhani kwamba hataishi. Akaendelea hadi Mugnano, karibu na Napoli, kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Philomena, na huko akainuka akiwa na nafuu kubwa.

Jaribu gumu kuliko yote lilikuwa bado mbele. Aliona jinsi wafanya kazi wa viwandani walivyonyonywa, akataka kuwajengea mahali pa kazi penye ujira wa haki na makao mema kwa watu wa nyumbani mwao. Mwaka 1845 akanunua kiwanda cha chuma huko Rustrel. Lakini watu aliowaamini kukisimamia walimdanganya, mali ikapotea, na wengi waliomkopesha walikuwa watu wadogo. Pauline hakuwakimbia. Aliuza alivyokuwa navyo, akazunguka kuomba msaada, mgonjwa na mwenye kudharauliwa, apate kuwalipa. Wakuu wa Shirika lililotokana na wazo lake hawakukubali kumsaidia. Naye aliwasamehe.

Kanisa halikumsahau. Mwaka 1922 Papa Pius XI aliliweka Shirika hilo chini ya Kiti cha Kitume. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII akamtangaza Pauline kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kustahili heshima, na tarehe 22 Mei 2022 akatangazwa Mwenye Heri mjini Lyon.

Wasomaji wapenzi, nyumba nyingi zina mgonjwa wa siku nyingi: nyanya, shangazi, pengine dada. Ni rahisi kumpelekea uji na dawa, kisha kumhesabu kuwa ametoka katika shughuli za jamaa. Maisha ya Pauline yatufundisha vingine. Tumwombe atusalie, tumweleze haja za parokia, tulipokee shauri lake, na hata senti yake tusiikatae kwa kumhurumia. Mwenye kuugua bado ana kitu cha kutoa, na kumnyima nafasi ya kukitoa ni kumwongezea ugonjwa.