Mwanamfalme wa Italia anayelala Nyeri pamoja na askari wake

Msafiri anayetoka Karagita kuelekea Nairobi kwa barabara ya Mai Mahiu hupita kando ya kanisa dogo la Kikatoliki, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Italia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Mwaka huo huo, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki, Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, alifariki dunia jijini Nairobi akiwa mfungwa.

Amedeo alizaliwa mjini Turin mnamo Oktoba 21, 1898, katika ukoo wa kifalme wa Savoy. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia angali kijana. Baadaye alificha jina lake, akafanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha sabuni nchini Kongo, kabla ya kurejea jeshini na kuhudumu Libya.

Mwaka wa 1937, Benito Mussolini, aliyeota kufufua himaya ya Warumi wa kale, alimteua atawale Ethiopia, Eritrea na Somalia. Alichukua nafasi ya Rodolfo Graziani, ambaye utawala wake ulikuwa umemwaga damu ya raia wengi Addis Ababa. Amedeo alisifiwa kwa upole, ingawa nchi aliyoitawala ilikuwa imeporwa kwa mtutu wa bunduki.

Vita vilipozuka mwaka wa 1940, majeshi yake yaliteka Moyale, lakini ushindi huo haukudumu. Mnamo Mei 5, 1941, Mfalme Haile Selassie alirejea katika mji wake mkuu, na wiki mbili baadaye Amedeo akasalimu amri katika mlima wa Amba Alagi.

Waingereza walimleta Kenya, wakamzuilia karibu na Ol Donyo Sabuk. Kifua kikuu na malaria vilimwangusha mnamo Machi 3, 1942, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa Nyeri, ambako hadi leo amelala katika kanisa la ukumbusho pamoja na mamia ya askari wake.

Himaya iliyodai kurithi Roma ilidumu miaka mitano tu nchini Ethiopia. Kutoka katika magofu yake, Kenya ilirithi makanisa hayo mawili: la Nyeri linalomhifadhi mkuu, na la Mai Mahiu lililojengwa kwa jasho la wafungwa wa kawaida.