Robert Flaherty: Mtafuta madini aliyepiga filamu kwa fedha za wauza ngozi

Mwaka 1916, mjini Toronto, Kanada, sigara ya Robert Flaherty iliangukia kwenye mikanda ya filamu aliyokuwa akiiandaa. Moto ukateketeza takriban futi 30,000 za picha za Wainuit, naye akaungua. Kazi ya miaka ikapotea kwa dakika chache.

Flaherty alizaliwa Februari 16, 1884 Iron Mountain, Michigan, Marekani, akiwa mtoto wa mtu wa migodi. Mwaka 1910 mjenzi wa reli, Sir William Mackenzie, alimtuma Ghuba ya Hudson kutafuta madini ya chuma. Mwaka 1913 akaanza kubeba kamera.

Baada ya moto alihitaji mtaji mpya. Uliotoka Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa ya biashara ya ngozi za wanyama, iliyokuwa ikishindana na Hudson's Bay Company. Agosti 1920 alifika kwenye kituo chao cha Inukjuak, Quebec, akakaa mwaka mzima. Wainuit walimwongoza, wakamsaidia kusafisha picha na kuitunza kamera.

Filamu hiyo isiyo na sauti, Nanook of the North, ilianza kuonyeshwa New York Juni 1922 na kumpa umaarufu duniani.

Lakini si yote yaliyoonekana yalikuwa kweli. Nanook aliitwa Allakariallak, na mwanamke aliyeonyeshwa kama mkewe hakuwa mkewe. Nyumba ya barafu ilikatwa nusu ili mwanga uingie. Wawindaji walikwisha kuzoea bunduki, ila Flaherty alitaka chusa za mababu. Katika duka la ngozi, Nanook anauma santuri kama mtu asiyewahi kuiona, ilhali aliijua. Ngozi zinabadilishwa kwa visu, shanga na peremende, bei haitajwi. Filamu iliyolipiwa na wafanyabiashara ikaficha jinsi biashara yenyewe ilivyokwisha kubadili maisha ya watu hao.

Allakariallak alifariki miaka michache tu baadaye. Flaherty alisema ni njaa. Yaelekea ilikuwa kifua kikuu.

Maggie Nujarluktuk, aliyeigiza kama Nyla, alijifungua mtoto wa Flaherty, Josephie, Desemba 1921, baba akiwa ameshaondoka. Hakurudi wala kumtambua mwanawe.

Flaherty aliendelea kutafuta wafadhili: alipiga Moana (1926) huko Samoa, Man of Aran (1934) nchini Ireland, na Louisiana Story (1948) kwa fedha za kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Alifariki Julai 23, 1951 Vermont.

Mwaka 1955 serikali ya Kanada ilimhamishia Josephie na familia yake Grise Fiord, kaskazini ya mbali zaidi. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu ya baba yake kati ya 25 za kwanza za kuhifadhiwa.