Albrecht Dürer, Mchora Picha wa Nürnberg

Wasomaji wengi wamepata kuona picha ya mikono miwili iliyounganishwa kwa kuomba. Aliyeichora mwaka 1508 ni Albrecht Dürer, mwenyeji wa Nürnberg katika Ujerumani. Sifa zake katika Ulaya zimekwisha kuandikwa sana; sisi twapenda kueleza jinsi mkono wake ulivyomfaa siku za huzuni na za hofu.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1471. Baba yake alikuwa mfua dhahabu. Mama yake, Barbara, alizaa watoto 18, na katika hao watatu tu walifikia utu uzima. Nyumba ile, basi, ilizoea mazishi. Albrecht alipokuwa na umri wa miaka 13 alijitazama katika kioo, akauchora uso wake, na karatasi hiyo ingaliko hata leo.

Baba alikufa mwaka 1502, na baada ya miaka miwili Albrecht akamchukua mama yake akae kwake, maana hakuwa na kitu. Mwaka 1513 mama akashikwa na ugonjwa mkali, wala hakupona. Mwezi wa Machi 1514 mwanawe aliketi mbele yake, akatwaa mkaa, akamchora. Hakumpamba hata kidogo: mifupa ya shingo imetokeza, paji la uso limejaa makunyanzi, mashavu yamebonyea. Labda mtu atauliza kama yafaa mtoto kumwonyesha mama yake hivi. Twaona kwamba yafaa, maana hakugeuza uso asimtazame.

Mwezi wa Mei mama alikufa. Albrecht alishuhudia uchungu wake wa mwisho, akaandika baadaye kwamba huzuni yake yashinda maneno. Kisha akairudia ile picha ya mkaa, akaongeza kwa wino siku na saa ya kufa kwake.

Mwaka huo huo alichonga katika bamba la shaba picha ya mwanamke mwenye mabawa, ameegemeza shavu mkononi, na vyombo vya kazi vimetapakaa chini asivitumie. Ukutani pana mraba wa tarakimu, na katika mstari wa chini, katikati, zimo 15 na 14. Wataalamu wamebishana sana juu ya maana yake. Aliyepata kuketi hivyo baada ya matanga hana haja kubwa ya maelezo yao.

Hofu nayo aliijua. Mwaka 1520 aliandika kwamba Luther alimsaidia kutoka katika mahangaiko makubwa, akatamani kumchora katika shaba, lakini hakupata kufanya hivyo. Hata usiku mmoja wa Juni 1525 aliota maji mengi yakianguka kutoka mbinguni na kuigharikisha nchi yote kwa kishindo. Akaamka akitetemeka mwili mzima. Kulipokucha alitwaa rangi za maji akaichora ndoto ile: nguzo za maji juu ya nchi tambarare, na miti midogo. Chini yake akaandika yote aliyoyaona, hata kukadiria umbali wa pale maji yalipoanguka kwanza, akamwomba Mungu ageuze mambo yote yawe mema.

Alifariki tarehe 6 Aprili 1528, akazikwa Nürnberg. Picha ya mama yake imehifadhiwa Berlin, na ile ya ndoto iko Vienna.