Kivoi, Tajiri wa Kitui Aliyeonyesha Mzungu Mlima Kenya

Kama wewe ni msee wa Zombe, jina la Chifu Kivoi wa Mwendwa umeliskia. Huyo buda alikuwa na doo! Misafara yake ilibeba pembe za ndovu kutoka Ukambani hadi Mombasa, kitambo kabla ya reli.

1849 akamkaribisha mmishonari Johann Ludwig Krapf kwake Kitui. Desemba 3, Krapf akauona Mlima Kenya. Fiti.

Sasa cheki 1851. Wakielekea Mto Tana, majambazi wakawavamia na Kivoi akauawa. Krapf akahepa. Familia ikawaka: mgeni anarudije hai na mwenyeji wake amekufa? Manze, hapo mimi niko na familia. Krapf alipoona anaweza kuuawa, akatoroka usiku, njaa na kiu, hadi Rabai.