Cornelia Sorabji: Wakili Aliyesubiri Shahada kwa Miaka 30

Maudhui ya elimu na nafasi ya mwanamke katika jamii hutahiniwa mara kwa mara. Watahiniwa wengi huandika tu kwamba mwanamke amekandamizwa, kisha wakaishia hapo. Soma maisha ya mwanamke huyu halisi, ujionee jinsi ukandamizaji unavyotendeka na jinsi mtu anavyoukabili.

Kuzaliwa na Elimu

Cornelia Sorabji alizaliwa tarehe 15 Novemba 1866 mjini Nashik, magharibi mwa India, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kikristo aliyetoka katika jamii ya Waparsi. Mama yake alianzisha shule mjini Poona na kuamini kwamba binti anastahili elimu sawa na kaka yake.

Cornelia alisomea Deccan College, Poona, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Bombay. Matokeo yake yalikuwa bora kiasi cha kumstahilisha ufadhili wa serikali wa kwenda kusoma Uingereza. Alinyimwa kwa sababu moja tu: alikuwa mwanamke. Hakukata tamaa. Alifundisha kwa muda katika chuo kimoja mjini Ahmedabad, na mwaka wa 1889 wahisani wa Uingereza wakamchangia karo. Akaingia Somerville, Oxford, akawa mwanamke wa kwanza kusomea sheria katika chuo kikuu hicho.

Mwaka wa 1892 aliruhusiwa kwa idhini maalum kuufanya mtihani wa shahada ya sheria. Aliupita. Hata hivyo, Oxford haikuwa ikiwapa wanawake shahada wakati huo. Fikiria, msomaji: umefanya mtihani uleule, umepita, lakini mwenzako wa kiume anaondoka na shahada nawe unarudi nyumbani mikono mitupu.

Kazi Yake

Aliporudi India, alifaulu mitihani mingine ya sheria, lakini milango ya mahakama ilibaki imefungwa. Wakati huohuo kulikuwa na wanawake waliomhitaji sana. Hawa walikuwa wajane na mabinti wa familia zenye mali walioishi utawani. Mila haikuwaruhusu kuonana na mwanamume asiye wa jamaa yao. Kwa kuwa mawakili wote walikuwa wanaume, mjane wa aina hiyo angeweza kudhulumiwa mashamba ya marehemu mumewe asipate wa kumtetea.

Cornelia aliiandikia serikali akidai awepo mwanamke wa kuwashauri. Mwaka wa 1904 aliteuliwa kufanya kazi hiyo Bengal, katika idara iliyosimamia mali ya wajane na mayatima. Kwa takriban miaka 20 alisafiri hadi majumbani mwao, akiwasaidia kulinda urithi na kuwasomesha watoto wao. Inakadiriwa kuwa aliwasaidia wanawake na mayatima zaidi ya 600.

Mabadiliko ya sheria yalikuja baadaye. Oxford ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka wa 1920, naye akapokea yake mwaka wa 1922, miaka 30 baada ya mtihani. Mwaka wa 1923 India iliwaruhusu wanawake kuwa mawakili, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya uwakili Calcutta. Kufikia hapo alikuwa na umri wa miaka 57. Alistaafu mwaka wa 1929, akahamia London, akachapisha tawasifu yake mwaka wa 1934. Alifariki tarehe 6 Julai 1954.

Upande wa Pili

Usimchore Cornelia kama malaika. Aliyewapigania wanawake wa utawani ndiye aliyeunga mkono utawala wa Waingereza na kuipinga harakati ya Gandhi ya kudai uhuru. Msimamo huo ulimfanya alaumiwe na Wahindi wengi wa wakati wake. Mtu anaweza kuona dhuluma moja waziwazi na asiione nyingine iliyo karibu nayo. Hata wahusika wa fasihi ni hivyo. Unapoulizwa sifa za mhusika, taja zote, nzuri na mbaya, na kila sifa uithibitishe kwa tukio. Sifa isiyo na tukio haipati alama.

Maswali ya Kudurusu

1. Eleza vikwazo vinne vilivyomkabili Cornelia Sorabji. (alama 8)
2. Fafanua sifa tatu za Cornelia kwa kurejelea matukio ya maisha yake. (alama 6)
3. Mlinganishe Cornelia na mhusika mmoja wa kike katika kitabu unachosoma. Je, sheria ikibadilika baada ya miaka 30, haki imetendeka? (alama 6)